Tulivyoamia Kiota cha Tetere Jeddah

Siku ya mwisho ya kawaida ninayoikumbuka ilikuwa siku ya mjusi. Nilikuwa napiga pasi sare za watoto sebuleni, nyumba ya Al-Naseem, Riyadh, mara nikasikia madam anapiga yowe jikoni. Nikaiacha pasi nikakimbia, nikidhani ni gesi. Kumbe ni mjusi kafiri mmoja, urefu wa kidole changu, amejibandika ukutani juu ya friji. Madam ameshainua kandambili. Kwao mjusi wa aina hiyo akionekana huuawa, na anayemuua huonekana amefanya jambo jema.

"Madam, ngoja kidogo," nikamwambia. "Huyu anakula mbu wa humu ndani."

"Wakesho, mtoe! Yalla!"

Nikamfunika na bakuli la plastiki, nikapitisha kipande cha kadibodi chini yake, nikamtoa nje. Watoto wakanifuata mpaka uani. Layan alikuwa na miaka kumi, na mdogo wake, Turki, saba. Turki akataka kujua gundi ya miguu ya mjusi inatoka wapi. Nikakataa kumwambia. Nikamwambia aangalie kwanza, kisha aniambie yeye. Walichuchumaa mbele ya lile bakuli mpaka basi la shule likapiga honi mara tatu, na mimi nikakemewa kwa kuwachelewesha.

Mimi ni Mtaita wa Mwatate. Kabla ya kwenda Uarabuni nilifundisha chekechea miaka sita, na si kujisifu, nilikuwa mwalimu mzuri. Mkali, lakini mzuri. Shule yenyewe ilipofungwa nikafanya kama wenzangu wengi, nikatafuta ajenti, nikaacha binti yangu kwa mama, nikapanda ndege kwenda kufua na kudeki. Kitu kilichoniuma kule hakikuwa kazi. Kazi nimeizoea. Kilichoniuma ni kuitwa "hee, wewe" na watu ambao hawajui kwamba kuna watoto sitini Mwatate waliokuwa wakisimama wima nikiingia darasani.

Halafu vita vikaja.

Sitaki kueleza nani alimrushia nani makombora na kwa sababu gani. Wenye kuyajua hayo wapo, wanalipwa kuyajua. Sisi wa jikoni tulijua hivi: simu zote ndani ya nyumba zinalia kwa pamoja, sauti moja mbaya, halafu kimya, halafu madirisha yanatetemeka. Mara nyingi kombora lilipigwa hukohuko juu, likapasuka hewani. Watu walishangilia. Hakuna aliyeuliza vile vipande vinaangukia wapi.

Shule zikafungwa. Watoto wakaambiwa wasome kwa tableti. Layan alijitahidi, lakini Turki alikuwa akiingia chini ya meza kila mwalimu wake alipokatika kwenye mtandao, kwa sababu alidhani akikatika ndiyo amepigwa. Baba yao alikuwa kazini kutwa. Madam alifanya kazi maabara ya hospitali, na hospitali haikufungwa. Watoto wakabaki na mimi.

Nilianza na sisimizi kwa sababu ndio waliokuwepo. Walikuwa wanaingia jikoni kupitia ufa wa chini ya sinki. Nikawapa watoto daftari moja, nikamwambia Turki atoke chini ya meza aje ahesabu sisimizi wangapi wanapita kwenye kigae kimoja kwa dakika moja. Layan aandike. Nikawapa amri moja ya kwanza: andika ulichokiona, unachodhani kibaki kichwani. Ndani ya siku nne tulikuwa na hesabu za kujumlisha, za kugawanya, na mchoro wa njia yao kutoka kwenye ufa mpaka kwenye kopo la sukari. Simu zilipolia tulikimbilia stoo ya chini ya ngazi tukiwa na daftari letu. Tulipotoka, Layan alienda moja kwa moja kwenye sinki akaandika: "Mlipuko mmoja. Sisimizi hawakusimama."

Madam alitukuta siku moja wote watatu tumelala kifudifudi sakafuni. Nikajua leo nimekwisha. Akachukua daftari, akasoma ukurasa mmoja, akasoma na wa pili.

"Nani amewafundisha kuandika saa na dakika?"

"Mimi, madam."

"Hata wanafunzi wangu pale maabara hawaandiki hivi." Akanirudishia daftari. "Kesho muendelee. Nguo zitafuliwa jioni."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Mji unarushiwa makombora na mimi nimefurahi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Turki akaanza kuniita abla, ndivyo wanavyomwita mwalimu wa kike, na mimi nikanyoosha mgongo. Tukasoma paka wa kwenye mapipa ya taka, yupi anakula kwanza na yupi anasubiri. Tukasoma nzi. Tukasoma njiwa wa jirani. Turki, aliyekuwa akikojoa kitandani tangu mlipuko wa kwanza, akaacha kukojoa.

Kisha asubuhi moja kioo cha chumba cha watoto kikaingia chote ndani, kikamwagika kwenye kitanda cha Layan. Alikuwa jikoni anakunywa maziwa.  Baba yao aliokota kipande kimoja kwenye mto, akakitazama, akampigia simu mamake Jeddah. Jeddah ilikuwa bado haijaguswa. Kesho yake tukapakiwa kwenye gari, madam kwa likizo ya dharura, watoto na mimi. Baba akabaki na kazi yake.

Dereva alikuwa Mutua, Mkamba wa Makueni, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Njia nzima alinitania kwa Kiswahili, madam asielewe.

"Sasa wewe ni mwalimu, eh? Na ile siku ukinifulia shati ulikuwa nani?"

"Endesha gari, Mutua."

"Naendesha, mwalimu. Usinichape."

Tulipoteremka milima ya baada ya Taif tukawakuta nyani. Wamejaa kando ya barabara, watu wanawatupia ndizi kwenye madirisha ya magari. Haki ya Mungu, nilikasirika. Kwetu Taita nyani ni mwizi, anakula jasho la mwaka mzima kwa asubuhi moja. Watoto wakataka kujua kwa nini nimenuna, ndipo nikawaeleza habari za kuamia.

Nikawaambia kwamba mahindi yakianza kubeba tunajenga ulingo katikati ya shamba, na mtoto anapanda juu na kombeo lake kufukuza ndege na nyani. Anayeamia hashuki kabla mwenzake hajafika. Si hivyo tu. Mwenzake lazima apande, apokee kombeo mkononi, ndipo wa kwanza ashuke. Nyani wamekaa msituni wanatazama. Wanaisubiri ile nafasi ndogo ya ulingo mtupu. Mimi mwenyewe niliwahi kuchapwa na babu yangu kwa kushuka kabla dada hajapokea.

"Hata kama unataka kukojoa?" Turki akauliza.

"Hata kama unataka kukojoa. Unaita, unangoja, unakabidhi."

Layan alicheka mpaka akakohoa. Mutua akazunguka Makka kwa njia ya wasio Waislamu, kwa kuwa yeye na mimi si Waislamu, na jua lilipokuwa linazama tukaingia Jeddah.

Nyumba ya bibi yao ilikuwa Al-Rawdah, kubwa, ya baridi, na ya kimya. Bibi alikuwa mzee mwenye magoti mabaya ambaye alinipa chai kabla ya kunipa kazi. Wiki mbili hapakuwa na kitu. Madam alianza kulala. Huko juu kwenye paa, pembeni ya tangi la maji, palikuwa na mashine kuukuu ya kiyoyozi, na juu yake tetere alikuwa amejenga kiota chake cha vijiti vichache, kibovu kama kawaida ya tetere. Mayai mawili.

Na kunguru. Jeddah ina kunguru kama Mombasa, walewale weusi wenye shingo ya kijivu, walewale wahuni. Walikuwa wameshakiona kile kiota. Walikaa watatu juu ya ukuta wa paa wakigeuza vichwa, mmoja akisogea kila tetere alipogeuka.

"Watamla, abla?" Turki akauliza.

"Mayai wataiba, ndiyo."

"Basi tuamie."

Yeye ndiye aliyesema. Lakini mimi ndiye niliyefanya iwe sheria. Nilipanga zamu za nusu saa, asubuhi na baada ya alasiri, jua likipoa. Aliye juu ana daftari na fimbo ya ufagio. Haondoki kabla mwenzake hajapanda akapokea vyote viwili, na anayepokea anaandika saa na jina lake kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Niliwaapisha kwa mikono juu, kama nilivyowafanya watoto wa chekechea, na tukacheka. Niliwaambia ulingo hauachwi mtupu.

Sikuwaambia, "isipokuwa simu zikilia." Haikunipitia akilini. Tulikuwa tumekuja Jeddah ili simu zisilie.

Siku tisa waliamia. Sijawahi kuona wanafunzi kama wale. Layan alichora kila kunguru akampa jina la mwalimu asiyempenda. Turki alijifunza kusoma saa ya mshale kwa sababu ya lile daftari. Siku ya tisa yai moja likaanguliwa, kinda likatoka, baya, la waridi, macho yamefumba. Madam alipanda kuliona akiwa amevaa slipa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Riyadh.

Siku ya kumi, baada ya alasiri, nilikuwa jikoni naosha mchele. Zamu ilikuwa ya Turki. Layan alikuwa kwenye ngazi, anasubiri yake.

Simu zikalia.

Ya bibi, ya madam, yangu, zote. Mwili ulijua kabla ya akili. Madam alimshika bibi mkono akamvuta kuelekea stoo ya chini. Mimi nikatoka jikoni na mikono inachuruzika maji.

"Turki! Shuka!"

Sauti yake ikaja kutoka juu, nyembamba. "Sijakabidhi!"

"Shuka sasa hivi!"

"Abla, makunguru wapo!"

Nikaanza kupanda. Layan alikuwa mbele yangu ghorofa nzima, mwepesi. Nikamsikia akisema, "Mimi napokea, mimi napokea, nipe!"  Nilikanyaga kanzu yangu, nikaanguka goti moja, nikainuka.

Turki akatokea kwenye kona ya ngazi, mikono mitupu, anashuka mbio.

"Nimemkabidhi Layan," akaniambia. Alikuwa mtiifu kabisa.

Nikamkumbatia, nikainua kichwa nimwite dada yake.

Hapo ndipo.

Sikusikia mlipuko, nilisikia mlango wa paa ukija kwetu. Vumbi. Maji ya tangi yakashuka ngazi kama mtu amefungulia mfereji.

Nilimpeleka Turki chini, nikamsukuma mikononi mwa mamake, nikarudi juu. Kipande cha chuma, kirefu kuliko mimi, kilikuwa kimelala kati ya tangi na mlango. Layan alikuwa upande wa huku. Alikuwa amepiga hatua kama nne kuelekea ngazini. Sitaeleza zaidi. Nilivua mtandio wangu nikamfunika kabla madam hajafika, na hilo ndilo jambo pekee nililolifanya vizuri siku ile.

Daftari lilikuwa limelowa maji lakini linasomeka. Alikuwa ameandika saa, na dakika, na "Napokea. Layan." Kwa mwandiko wake wa kawaida, bila haraka. Amri yangu ilimchukua labda sekunde kumi. Zingemtosha kufika mlangoni. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko nilivyowahi kusali.

Walimzika kesho yake. Wanaume walikwenda makaburini, sisi tukabaki na wanawake na kahawa na sura za Kurani. Baba alikuwa amefika kutoka Riyadh, macho mekundu. Mbele ya watu wote alimpigia Turki magoti akamwuliza, kwa upole, "Kwa nini hukushuka ulipoitwa?"

Turki alinitazama mimi. Kisha akatazama sakafu. 

Wakaamua ni utundu wa mtoto. Bibi akasema ni amri ya Mungu, halas, yamekwisha, asiulizwe tena. Hakuulizwa. Lakini yeye aliacha kula mkate, akaacha kusema, akarudi kukojoa kitandani. Siku moja nilipombadilisha shuka alitamka maneno matatu tu: "Mimi ndiye niliyempa."

Nilikuwa nimelificha daftari chini ya godoro langu. Nilikwenda kwa Mutua, ambaye baba alimpangia chumba Al-Hindawiyah pamoja na Wakenya wengine, nikamweleza kila kitu mlangoni, kwa sababu ndani walikuwa wanaume wanane.

"Choma hiyo kitu," akasema. Hakunitania. "Leo. Wakesho, unajua hapa ni wapi? Kafili wako, yule baba aliyekuleta, akijua ni wewe uliwaweka huko juu, ni jela. Mtoto wako atalelewa na nani?"

"Na yule mtoto?"

"Yule ana mama. Ana baba. Atasahau. Ana miaka saba, aki."

Nilirudi nikiwa nimeamua kulichoma. Tangu hapo nilirudi kuamua hivyo kila jioni. Niliogopa, nisijidanganye. Nilimwona binti yangu Mwatate akiambiwa mama yuko gerezani. Halafu asubuhi ningeingia chumbani na shuka kavu, nimkute Turki amekaa wima ukingoni mwa kitanda kilicholowa, anangoja kufokewa, na hakuna anayemfokea. Alikuwa anabeba kosa langu kwa sababu hakujua kwamba ni langu.

Siku ya kumi na mbili tangu kifo cha Layan, saa tatu asubuhi, nilimkuta madam jikoni peke yake. Nikaweka daftari mezani. Nikamweleza habari za ulingo, za kombeo, za zamu, za kiapo. Kiarabu changu ni cha jikoni, nilikuwa natafuta maneno kama mtu anayetafuta sarafu gizani. Yeye alisoma. Alifika ukurasa wa mwisho akaweka kidole kwenye jina.

 Nilidhani atanipiga. Ningeshukuru angenipiga.

"Alijua?" akauliza. "Turki alikuwa anafuata amri yako?"

"Ndiyo, madam. Wote wawili."

"Siku kumi na mbili mwanangu anadhani amemuua dada yake, na wewe unampikia wali."

 Alikwenda akamleta kwa mkono, akamsimamisha mbele yangu akiwa na nguo zake za kulalia.

"Mwambie," akasema. "Kama ulivyoniambia mimi."

Nikapiga magoti tulingane. Nikamwambia kwamba kosa halikuwa lake. Kwamba mimi ndiye niliyetunga sheria mbaya, na mtoto anayemtii mwalimu wake hana kosa. Nilisema kwa sauti ya darasani. Alisikiliza kwa makini, kama alivyokuwa akisikiliza habari za sisimizi.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo ningeweza kushuka tu?"

Madam alinitazama. Nadhani alitaka niseme uongo. Nami nilitaka.

"Ndiyo," nikamwambia.

"Bila kumwita Layan?"

"Ndiyo, Turki."

Akafikiri. Niliona vile alivyokuwa anafikiri, hatua kwa hatua, nilivyomfundisha mwenyewe. Hakulia. Alimwuliza mamake kama anaweza kurudi kulala, na mamake akamchukua.

Hawakunipeleka jela. Baba hakutaka kuniona. Alinikatia huruji, ruhusa ya kutoka nisirudi tena, na Mutua akanipeleka uwanja wa ndege. "Ulifanya vizuri," akasema, lakini alisema akiwa anashusha begi, hakunitazama.

Sasa ni mwaka wa tatu niko nyumbani. Watu hupenda kuniuliza kama kweli niliviona vita kule, na mimi huwaambia ndiyo, niliviona kwenye ngazi za nyumba moja. Kwa Layan nimelia, nimefunga, nimemwombea kwa dini yangu kwa kuwa ya kwao siijui. Kombora sikulirusha mimi. Lilirushwa na watu wazima, likapigwa na watu wazima wengine, na wote wana majina na ofisi, na sijasikia hata mmoja akiombwa kupiga magoti mbele ya mtoto. Fungu langu katika kifo kile nalijua, ni sekunde kumi. Lakini lile jibu la jikoni, kwamba angeweza kushuka bila kumwita dada yake, ni langu lote. Turki atakuwa na miaka kumi sasa, umri ule wa dada yake, na sijui analibebaje.